Wii iligombaniwa, Wii U ikadoda: Nintendo ilivyohesabu wateja waliokwisha kuondoka

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuvuka Namanga, Busia au Mutukula na mzigo wake anaijua hali hii. Mwaka huu unaleta bidhaa fulani na inaisha kabla hujamaliza kufungua maboksi. Mwakani unaleta toleo jipya la bidhaa ileile, limeboreshwa, lina jina ambalo wateja walikuwa wakiliulizia, na mzigo unalala stoo mpaka unachoka kuutazama. Unajiuliza kosa liko wapi. Bei? Ubora? Au ni jirani aliyeleta mzigo kama wako akauza kwa hasara ili alipe mkopo?

Kosa la namna hiyo, kwa ukubwa ambao hakuna duka la Kariakoo wala la Luthuli linaloweza kuufikia, lilifanywa na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, Japani. Mashine yake ya gemu iitwayo Wii, iliyoingia sokoni Novemba 2006, iliuzwa zaidi ya milioni 101. Mashine iliyoirithi, Wii U, iliyoingia Novemba 2012, iliuzwa milioni 13 na nusu hivi mpaka uzalishaji wake ulipokoma mwanzoni mwa 2017. Kwa kila Wii saba na nusu zilizopata mnunuzi, ni Wii U moja tu iliyopata.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hesabu zake ziko wazi. Nintendo hutangaza mauzo yake kila robo mwaka, kwa hiyo tunaweza kuufuata mzigo ulivyokuwa ukidoda hatua kwa hatua. Jirani yako sokoni hatakuonyesha daftari lake namna hiyo.

Wachambuzi wengi hulaumu jina. Wanasema "Wii U" ilisikika kama kifaa cha kuongezea kwenye Wii ya zamani, watu wakachanganyikiwa, basi. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini kwa maoni yangu jina lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilifanyika kwenye karatasi ya mahesabu, pale Nintendo ilipotazama wanunuzi milioni 100 wa Wii na kuwaita wateja wake.

Walionunua Wii walikuwa nani?

Mwaka 2006 Nintendo haikuwa na nguvu sokoni. Mashine yake ya awali, GameCube, ilikuwa imeuza milioni 21 na ushei, wakati PlayStation 2 ya Sony ilikuwa njiani kupita milioni 150. Kupambana na Sony na Microsoft kwa uwezo wa mashine kulihitaji fedha ambazo Nintendo haikutaka kuzichoma. Ikaamua kutopambana. PlayStation 3 ilipotoka Marekani Novemba mwaka huo kwa dola 499 na dola 599, Wii ilitoka wiki hiyohiyo kwa dola 249. Ndani yake ilikuwa mashine dhaifu, picha zake hazikufikia kiwango cha HD, lakini ilikuwa na rimoti ya kupunga hewani. Ukipunga mkono kama unapiga mpira wa tenisi, mchezaji kwenye televisheni anapiga mpira wa tenisi. Hakuhitajika mtu wa kukufundisha.

Gemu yenyewe, Wii Sports, iliwekwa ndani ya boksi karibu kila mahali isipokuwa Japani na Korea Kusini. Hapo ndipo biashara ilipolipuka. Nyumba za kutunzia wazee za Marekani na Uingereza zilinunua Wii ili wazee wacheze mchezo wa kuvingirisha mpira na kuangusha pini bila kunyanyua mpira mzito. Bibi alicheza na mjukuu sebuleni. Jirani aliyekuja kunywa chai alicheza, akaenda kununua yake. Katika mwaka 2007 na sehemu ya 2008 mashine ilikuwa adimu kiasi kwamba watu walipanga foleni madukani na wengine waliiuza mitandaoni kwa bei ya kuruka. Baadaye ikaja Wii Fit, ubao wa kusimama juu yake na kufanya mazoezi, nao ukanunuliwa na watu zaidi ya milioni 20.

Anayeuza vitenge atanielewa haraka. Kuna mwezi unauza doti 300 za rangi moja. Unafurahi, unaagiza rangi ileile mara mbili yake. Kumbe ilikuwa sare ya harusi. Harusi imepita, wale akina mama 300 wako njema, hawana ugomvi na wewe, lakini hawarudi. Kila mmoja alikuja kununua kitu kimoja kwa shughuli moja.

Wii ilikuwa sare ya harusi. Mamilioni walinunua tenisi ya sebuleni. Walipoizoea wakaiweka chini ya televisheni ikapata vumbi. Takwimu za Nintendo zenyewe zinaonyesha harusi ilimalizika lini. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 iliuza Wii karibu milioni 26, kilele ambacho hakikuwahi kufikiwa na mashine nyingine ya sebuleni ya kampuni hiyo kabla yake. Mwaka uliofuata milioni 20 na nusu. Mwaka uliofuata tena milioni 15. Kisha, katika mwaka ulioishia Machi 2012, chini ya milioni 10. Yote haya yalitokea kabla Wii U haijafika dukani. Wateja waliondoka wakati mzee bado yuko kazini. Mrithi alikuta viti vitupu.

Walikwenda wapi? Wengine hawakwenda popote, waliacha tu. Wengine walipata mchezo mwepesi mfukoni. iPhone ilitoka 2007, duka lake la programu likafunguliwa 2008, iPad ikafuata 2010. Mtu aliyetaka kucheza dakika 10 baada ya kazi hakuwa tena na sababu ya kununua mashine ya dola 300. Gemu ya simu ilikuwa bure au dola moja.

Na Nintendo ilikuwa imeshapata onyo. Mashine yake ndogo ya mkononi, DS, ilikuwa imevuma kuliko hata Wii, ikauza milioni 154. Mrithi wake aliitwa 3DS, aliingia Marekani Machi 2011 kwa dola 249, na mauzo yakazorota kiasi kwamba Agosti mwaka huohuo bei ilishushwa hadi dola 169. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara kwa muda. Hapo kulikuwa na somo la waziwazi: umati wa zamani haufuati jina. Wakati 3DS inahangaika, jina la mashine ya sebuleni lilikuwa limeshatangazwa.

Boksi ambalo hakuna aliyeliona

Juni 2011, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, Nintendo iliitambulisha Wii U. Kilichoonyeshwa jukwaani ni pedi yake: kifaa kikubwa chenye kioo cha inchi 6.2 katikati, mfano wa kishikwambi chenye vitufe. Mashine yenyewe, ile inayokaa chini ya televisheni, haikupewa nafasi. Wengi walitoka ukumbini wakiamini wameonyeshwa pedi mpya ya Wii.

Sasa weka mambo pamoja. Jina ni Wii, na herufi moja nyuma. Kitu kinachoonyeshwa kwenye tangazo ni pedi. Rimoti za Wii ya zamani zinafanya kazi kwenye Wii U, ule ubao wa mazoezi unafanya kazi, gemu za zamani zinachezeka. Na kwa miaka sita Nintendo ilikuwa imewazoesha watu kununua vitu vya kuongezea kwenye Wii, kuanzia usukani wa plastiki, ubao wa mazoezi, hadi kijinga cha kuchomeka nyuma ya rimoti. Mama wa Ohio anayemnunulia mwanawe zawadi ya Krismasi alikuwa na kila sababu ya kusema, "Wii tunayo nyumbani."

Na kana kwamba hilo halitoshi, mzigo wa zamani haukuondolewa rafuni. Katika wiki ya kwanza ya mauzo Marekani, Novemba 2012, Nintendo iliuza Wii U takribani 400,000, na wiki hiyohiyo ikauza Wii ya zamani takribani 300,000. Wiki chache baadaye ikatoa Canada toleo dogo jekundu, Wii Mini, kwa dola 99. Yaani kwenye rafu moja kulikuwa na Wii, Wii Mini na Wii U, ya mwisho ikiuzwa dola 299 kwa nyeupe na dola 349 kwa nyeusi. Winga wa Kariakoo asingekubali kupangiwa rafu hiyo. Ungemwambia mteja nini kwa sentensi moja?

Hilo la sentensi moja si dogo. Wii ilijieleza kwa mkono: punga, unapiga tenisi. Wii U ilihitaji maelezo. Kuna kioo mkononi, kuna kioo ukutani, mmoja anatazama hiki na wengine wanatazama kile, mara nyingine unaweza kuzima televisheni ukaendelea kucheza mkononi, lakini usitoke mbali na mashine kwa sababu mawimbi yatakatika. Betri ya pedi ilidumu saa tatu hadi tano. Nintendo iliahidi kwamba pedi mbili zenye kioo zitatumika pamoja; hakuna gemu iliyowahi kutoka ikitumia mbili. Kioo chenyewe kilikuwa cha kubonyeza kwa nguvu, kisichotambua vidole viwili kwa pamoja, katika mwaka ambao mtoto wa darasa la pili alishazoea kutanua picha kwa vidole kwenye simu ya baba yake.

Iwata alikuwa mkweli kuliko wakuu wengi wa makampuni. Mwaka 2013 aliwaambia wenye hisa kwamba baadhi ya watu walidhani Wii U ni Wii iliyoongezewa pedi, wengine wakadhani pedi hiyo inaweza kununuliwa na kuunganishwa na Wii waliyonayo, na kwamba kampuni ilibeba lawama kwa kutowaelewesha. Katika robo ya Aprili hadi Juni mwaka huo, Nintendo iliuza Wii U 160,000 tu dunia nzima. Nchini Uingereza, duka kuu la Asda lilitangaza kuacha kuiweka rafuni.

Kampuni ambayo mashine yake haikuwa na gemu ya mpira

Mashine ya gemu ni kama jiko la gesi. Hakuna anayelipenda jiko lenyewe. Watu wanataka mtungi upatikane karibu, kila wanapohitaji, kwa bei inayoeleweka. Mashine ikikosa gemu, hata iwe nzuri namna gani, ni chuma.

Nintendo hutengeneza gemu zake zenyewe na ni fundi hasa. Lakini Wii U ilikuwa mashine yake ya kwanza ya picha za HD, na ikagundua kwamba kutengeneza gemu za kiwango hicho kunataka watu wengi na muda mrefu kuliko ilivyokadiria. Pikmin 3, iliyotarajiwa karibu na uzinduzi, ilifika katikati ya 2013. Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari ambayo familia nyingi huinunulia mashine, ilitoka Mei 2014, mwaka mmoja na nusu baada ya mashine.

Pengo hilo lilipaswa kujazwa na watengenezaji wengine, na hao walikuwa na mashaka tangu mwanzo. Prosesa ya Wii U ilikuwa ya ukoo uleule wa IBM uliotumika tangu GameCube, ili gemu za Wii zichezeke. PlayStation 4 na Xbox One zilizokuja Novemba 2013 zilitumia ukoo mwingine unaofanana na wa kompyuta za kawaida, na PlayStation 4 ilikuwa na memori ya gigabaiti 8 dhidi ya 2 za Wii U. Kuhamisha gemu kutoka kule kuja huku kulikuwa kazi ya ziada kwa wateja wachache.

Tazama walivyotendewa hao wachache. Novemba 2012 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani iliwauzia wenye Wii U gemu iitwayo Mass Effect 3 kwa dola 59. Mwezi huohuo iliwauzia wenye Xbox 360 gemu zote tatu za mfululizo huo ndani ya boksi moja, kwa bei hiyohiyo. Februari 2013 Ubisoft ya Ufaransa iliahirisha Rayman Legends, gemu iliyokuwa ya Wii U peke yake, wiki chache tu kabla ya siku ya kutoka, ili itoke pamoja na ya mashine nyingine. Mei 2013 Electronic Arts ikasema haina gemu yoyote ya Wii U inayotengenezwa.

Kwa msomaji wa ukanda wetu, hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Electronic Arts ndiyo iliyokuwa ikitoa FIFA. FIFA 13 ilikuwepo kwenye Wii U siku ya uzinduzi. FIFA 14, iliyotoka Septemba 2013, haikuwepo. Lakini ilitoka kwa Wii ya zamani, na ikatoka hata kwa PlayStation 2, mashine ya mwaka 2000. Kampuni ilitazama sokoni ikaona kuna wateja zaidi kwenye mashine yenye miaka 13 kuliko kwenye iliyozinduliwa mwaka mmoja uliopita.

Nilipokuwa sekondari, banda la gemu la mtaani kwetu lilikuwa na televisheni mbili za kichogo na PlayStation mbili zilizofungwa kwa mnyororo. Ulilipa sarafu, ukacheza mechi moja, ukatoka au ukabaki kama umeshinda. Mabanda hayo yapo mpaka leo, toka Bujumbura hadi Mombasa, na katika miji mingi watu huyaita "PlayStation" hata kama mashine ndani ni nyingine. Mwenye banda hanunui mashine. Ananunua mechi. Mashine isiyo na gemu ya mpira ya msimu huu haimletei mapato, na kwa hiyo haikumpa faida aliyethubutu kuiingiza.

Kulikuwa na vizuizi vingine kwa mwagizaji wa kwetu, na hivi havikutajwa sana katika magazeti ya Marekani. Wii U ilifungwa kwa kanda. Diski iliyonunuliwa Japani haikusoma kwenye mashine ya Ulaya, na ya Ulaya haikusoma kwenye ya Marekani. Anayeleta mzigo mchanganyiko, mashine kutoka kwa ndugu aliye Minnesota na diski kutoka London, alikuwa akileta vitu visivyojuana. PlayStation 3 ilikuwa haina kizuizi hicho kwa gemu zake. Kisha kuna umeme. Adapta ya Wii U ya Marekani ilikuwa ya volti 120, na hapa tunatumia 230 na 240. Bila transfoma, mteja anachomeka mara moja na kurudi dukani na harufu ya plastiki iliyoungua. Na pedi yenye kioo, ambayo bila hiyo mashine huwezi hata kuipanga mara ya kwanza, haikuuzwa peke yake madukani Marekani wala Ulaya. Ikianguka sakafuni, umekwisha.

Hesabu ya yeni

Mtu atauliza: kwa nini wasingeshusha bei tu, kama walivyofanya kwa 3DS? Walishusha kidogo. Septemba 2013 ile nyeusi ilishuka kutoka dola 349 hadi dola 299. Zaidi ya hapo palikuwa pagumu, na sababu yake anayebadilisha shilingi kila wiki mpakani ataiona mara moja.

Wii ilipotoka 2006, dola moja ilinunua yeni 117 hivi. Dola 249 zilikuwa zaidi ya yeni 29,000, kabla ya kutoa fungu la mwenye duka. Wii U ilipotoka Novemba 2012, dola moja ilinunua yeni 81 hivi. Dola 349 zilikuwa yeni 28,000 na kitu. Nintendo ilipandisha bei kwa dola 100 nzima, mteja akalalamika, na bado yeni zilizofika Kyoto zilikuwa pungufu kuliko za miaka sita nyuma. Na safari hii ndani ya boksi kulikuwa na pedi yenye kioo, betri na mitambo ya kurushia picha. Mkuu wa Nintendo wa Marekani, Reggie Fils-Aimé, alieleza wakati wa uzinduzi kwamba mashine inauzwa chini ya gharama na kwamba mteja akinunua gemu moja hasara inafutika. Wii haikuwahi kuhitaji maelezo ya namna hiyo.

Kwa hiyo pedi ile, kitu kilichowachanganya wanunuzi, ndicho pia kilichozuia bei isishuke. Kuiondoa wasingeweza, kwani bila hiyo Wii U ingekuwa Wii yenye picha nzuri zaidi.

Januari 2014 makadirio yalivunjika hadharani. Kampuni ilikuwa imesema itauza Wii U milioni 9 katika mwaka ulioishia Machi. Ikapunguza hadi milioni 2.8. Ziliuzwa milioni 2.72. Iwata akajikata tena nusu ya mshahara, kwa miezi mitano. Alifariki dunia Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 55, mashine ya kurithi Wii U ikiwa bado mezani kwa mafundi.

Gemu ileile, mauzo tofauti

Kama kuna anayedhani Wii U ilikufa kwa sababu gemu zake zilikuwa mbaya, ushahidi upo na ni wa nadra katika biashara: bidhaa ileile iliuzwa mara mbili, katika maboksi mawili tofauti.

Mario Kart 8 ya Wii U iliuza nakala milioni 8.46. Kwa mashine iliyouza milioni 13 na nusu, hicho ni kiwango kikubwa. Wateja wachache waliokuwepo waliitaka. Mwaka 2017 gemu hiyohiyo, ikiwa na nyongeza chache, ilitolewa kwa mashine mpya iitwayo Switch. Imepita nakala milioni 60. Barabara zilezile za mbio, magari yaleyale, Mario yuleyule.

Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017 na imeshapita milioni 150. Ukiitazama kwa makini, ni wazo la Wii U lililonyooshwa: kioo mkononi, televisheni ukutani, unahama kutoka kimoja kwenda kingine. Tofauti ni kwamba safari hii mashine yote imo ndani ya kile unachoshika, unaweza kupanda nayo basi. Tangazo lake la kwanza lilionyesha hilo bila mtu kusema neno. Jina halikukopa chochote kwa Wii. Kufungia gemu kwa kanda kuliondolewa, na adapta yake inapokea volti 100 hadi 240.

Na haikuwalenga akina bibi wa Wii Sports. Iliwalenga kwanza watu waliokuwa wakicheza gemu tayari, wengine wakafuata baadaye. Ndiyo maana naendelea kusema jina lilikuwa kosa la pili. Tuseme Wii U ingeitwa kwa jina jingine kabisa: ingepunguza mkanganyiko, ingeuza zaidi, labda mara mbili. Lakini mamilioni ya wacheza tenisi wa sebuleni wasingerudi, kwa sababu tayari walikuwa na tenisi yao. Na wacheza gemu wa kila siku walikuwa wameshaambiwa kwa miaka sita kwamba neno "Wii" linamaanisha mashine ya wazee na watoto. Jina liliwaita walioondoka na kuwafukuza waliobaki.

Juni 2025 Nintendo ilitoa mrithi wa Switch. Safari hii waliiita Switch 2, kama Sony inavyohesabu PlayStation zake tangu 2000. Bei ya Marekani ilipotoka ilikuwa dola 449, ghali kuliko Wii U ilivyowahi kuwa, na kabla ya mwaka huo kwisha zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 10. Mwanzo mzuri haujathibitisha kitu bado. Wii U nayo iliuza 400,000 wiki ya kwanza. Cha kutazama ni mwaka wa tatu, wale waliokuwa na haraka wakishanunua.

Kwa wanaochambua mitumba ya elektroniki: Wii U bado hujitokeza katika mizigo inayotoka Ulaya na Marekani, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Duka lake la mtandaoni liliacha kuuza gemu Machi 2023 na huduma ya kucheza mtandaoni ilizimwa Aprili 2024, kwa hiyo inabaki mashine ya diski tu. Kabla hujakubali bei, fungua boksi uhakikishe pedi yenye kioo imo na inawaka, soma volti kwenye adapta, na uone diski ulizopewa ni za kanda gani.